SOMO LA WIKI: Waraka umo ghalani, mbona mtafutaji wa mbali anaambiwa hakuna?

Mfanyabiashara wa mahindi anayetaka kujua bei zilivyopanda na kushuka katika misimu kumi iliyopita, au mwekezaji mdogo anayetaka kulinganisha hesabu za kampuni kabla ya kununua hisa, siku hizi haanzii kwenye kabati la faili. Huandika neno moja au mawili kwenye ukurasa wa ghala la nyaraka na kusubiri. Likija jibu la "hakuna kilichopatikana", wengi hulichukua kuwa ndiyo mwisho wa habari. Ama hununua bila taarifa, ama humlipa mtu akawatafutie.

Somo la wiki hii linahusu jibu hilo. Mara nyingi si la kweli. Waraka upo, umehifadhiwa vizuri, lakini kati ya waraka na mtafutaji kuna mahali fulani pamekatika. Anayejua mahali hapo palipo huokoa fedha, awe ni mtafutaji au ni mwenye ghala. Vyama vya akiba na mikopo, kampuni za udalali wa hisa na vyama vya wafanyabiashara vinavyoendesha maghala yao wenyewe vinahusika zaidi, kwa kuwa ndivyo vinavyoambiwa na fundi kwamba mfumo umekufa na inabidi kununua seva mpya, wakati pengine dawa yake ni kazi ya jioni moja.

Tutachukua mfano wa programu ya DSpace. Programu hii ilitengenezwa na maktaba za chuo cha MIT cha Marekani pamoja na maabara za kampuni ya Hewlett-Packard, ikatolewa kwa umma Novemba 2002. Haina ada ya leseni. Anayeitumia hulipia seva, umeme na fundi. Benki ya Dunia ilifungua ghala lake la machapisho kwa programu hiyo mwaka 2012. CGSpace, ghala la taasisi za utafiti wa kilimo za CGIAR, nalo ni DSpace, na taasisi ya ILRI yenye makao Nairobi imekuwa mlezi wake kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro navyo vimeitumia. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aliyewahi kutafuta taarifa za maziwa, kahawa au mikopo midogo huenda ameshaitumia bila kulijua jina lake.

KIJANA WA KAUNTA NA DAFTARI LAKE

Ghala la namna hii lina sehemu nne, na kila sehemu inaweza kuharibika peke yake. Kuna mafaili yenyewe, yaani PDF, picha na majedwali. Kuna hifadhidata, kwa kawaida ya PostgreSQL, inayoweka jina la waraka, mwandishi, tarehe na ruhusa za kuusoma. Kuna faharasa, inayoendeshwa na programu nyingine iitwayo Solr. Mwisho kuna mlango, yaani ukurasa anaouona mteja.

Fikiria duka la jumla la Kariakoo. Marobota yako stoo nyuma, leja iko kwa mhasibu, na kaunta yupo kijana mwenye daftari dogo aliloandika kila bidhaa iko wapi. Mteja akiuliza, kijana hakimbilii stoo wala kwa mhasibu. Hufungua daftari lake. Kama mzigo wa jana haukuandikwa humo, mteja ataambiwa hakuna, ingawa marobota yamejaa hadi darini. Faharasa ndiyo daftari la kijana huyo, na mtafutaji huliuliza daftari hilo tu.

Jaribio la kwanza basi ni kufungua waraka mmoja unaojulikana kwa anwani yake kamili, ile iliyotolewa siku ulipoingizwa. Ukifunguka, mali ipo salama na tatizo liko kwenye daftari. Usijidanganye kwa kupitia orodha ya majina au ya waandishi, maana katika matoleo ya karibuni orodha hizo nazo hutoka kwenye faharasa hiyo hiyo, na zitakudanganya kwa namna ile ile. Usipofunguka hata kwa anwani yake, hapo ndipo pa kuuliza habari za hifadhidata, diski na ruhusa.

Daftari likiwa ndilo lenye kasoro, fundi hutoa amri ya kulijenga upya: index-discovery, ikifuatwa na alama -b. Mafaili hayaguswi, leja haiguswi. Faharasa hufutwa na kuandikwa tena kutoka kwenye hifadhidata. Ghala dogo humaliza baada ya dakika chache na ghala kubwa huchukua saa nyingi, na wakati kazi ikiendelea mtafutaji atapata matokeo pungufu. Kwa hiyo ifanyike baada ya saa za kazi.

Hapa pana mtego ambao mwenye ghala anapaswa kuujua kabla fundi hajashika kibodi. Ndani ya Solr mna daftari zaidi ya moja. La utafutaji linaweza kujengwa upya wakati wowote, lakini lile la takwimu, linaloonyesha kila waraka umesomwa na kupakuliwa mara ngapi, halina leja nyuma yake. Kumbukumbu hizo ziko humo tu. Fundi mwenye haraka anayefuta folda nzima ya Solr ili aanze upya ataurudisha utafutaji vizuri sana, na papo hapo atakuwa ametupa takwimu za miaka yote. Kwa chama kinachowaonyesha wafadhili au wanachama ni watu wangapi wanasoma ripoti zake, hiyo ni hasara isiyolipika. Muulize fundi kwa maneno haya: unajenga upya daftari lipi?

JINA LINAONEKANA, YALIYOMO HAYAONEKANI

Wakati mwingine mtafutaji huupata waraka kwa jina lake, lakini akiandika neno lililomo ndani, kwa mfano "gawio", hapati kitu. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni kazi ya kuchambua maandishi kutoka ndani ya mafaili. Kwenye DSpace hufanywa na amri iitwayo filter-media, ambayo hupangiwa saa ya kujiendesha yenyewe, aghalabu usiku. Fundi akisahau kuipangia, kila PDF mpya hubaki kama bahasha iliyofungwa. Jina la nje linasomeka, barua ya ndani haisomeki.

La pili ni kwamba waraka wenyewe ni picha. Ripoti nyingi za zamani zilipitishwa kwenye skana na kuhifadhiwa hivyo hivyo. Zifungue, kisha jaribu kushika sentensi moja kwa kipanya kana kwamba unataka kuinakili. Ikikataa kushikika, hayo si maandishi bali ni picha ya karatasi, na hakuna mpangilio wowote wa DSpace utakaoiona. Inabidi ipitishwe kwenye programu ya kusoma herufi kutoka kwenye picha, ndipo irudishwe ghalani. Kazi hiyo hutozwa kwa ukurasa, na inafaa ianze na majedwali ya hesabu. Picha za wakurugenzi zinaweza kusubiri.

KISWAHILI HUGEUKA MBELE, KIINGEREZA NYUMA

Jambo hili halisemwi mara kwa mara, na kwa wasomaji wa ukurasa huu ni la manufaa kuliko mengi. Faharasa ya DSpace huja na kanuni za kukata mikia ya maneno, na kanuni hizo ni za Kiingereza. Anayeandika "shares" huletewa pia "share", kwa sababu tofauti iko mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Soko na masoko, mkataba na mikataba, mkulima na wakulima. Kwa faharasa hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Waraka uitwao "Masoko ya mahindi nyanda za juu kusini" hautapatikana kwa neno "soko", isipokuwa neno hilo limeandikwa mahali pengine ndani yake.

Mtafutaji anaweza kujisaidia mwenyewe kwa kuandika maumbo yote mawili na kuyaunganisha kwa neno OR kwa herufi kubwa: soko OR masoko, mkataba OR mikataba. Mwenye ghala naye anaweza kuwasaidia wote kwa kujaza sehemu ya maneno ya mada kwa umoja na kwa wingi kila waraka unapoingizwa. Ni dakika moja ya karani, nayo inashinda kutafuta mtaalamu wa kuandika kanuni za Kiswahili.

Majina ya kampuni yana shida inayofanana na hiyo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za Tanzania Oxygen Limited, ambayo baadaye ilijulikana kama TOL Gases. Anayetafuta jina jipya peke yake hatapata ripoti za mwanzo, na anayetafuta la zamani atadhani kampuni ilikufa. Karani mzuri huandika majina yote mawili kwenye kadi ya kila ripoti.

Tarehe nazo zina kanuni yake. DSpace hutaka mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku: 2019-06-30. Karani akiandika 30/06/2019 kama tulivyozoea, waraka utaingia bila malalamiko yoyote, lakini kichujio cha mwaka hakitauona. Aidha, tarehe inayowekwa ni ya kuchapishwa. Hesabu za mwaka ulioishia 31 Desemba 2019 zilizotolewa mwaka 2020 hukaa chini ya 2020. Mwekezaji anayechuja mwaka mmoja tu huikosa ripoti anayoitaka na kuchukua ya nyuma yake, kisha analinganisha faida za miaka isiyolingana. Chuja miaka miwili kila mara.

KWANGU INAFANYA KAZI, KWA MTEJA HAIFANYI

Hili ndilo lalamiko maarufu kuliko yote. Meneja akiwa ofisini anatafuta na kupata. Mteja aliyeko Mwanza au Mombasa hapati kitu, au anapata jina la waraka lakini akibonyeza haendi popote.

Anza na ruhusa. Meneja huwa ameingia kwa neno lake la siri, na mfumo humwonyesha kila kitu. Mteja hana neno la siri, kwa hiyo anaona tu zile nyaraka ambazo zimefunguliwa kwa kundi la wasiojulikana. Meneja atoke kwenye mfumo, achukue simu ya mkononi isiyounganishwa na mtandao wa ofisi, kisha atafute upya. Ofisi nyingi zingeokoa malipo ya fundi kwa jaribio hilo moja.

Kisha itazamwe anwani. Katika faili la mipangilio, ambalo tangu toleo la 6 huandikwa kwenye local.cfg, kuna mahali pa kuandika anwani ya ghala. Programu inapotoka kiwandani huwa pameandikwa localhost. Maana ya neno hilo ni "kompyuta hii hii". Ukiwa umekaa mbele ya seva, neno hilo ni kweli, na kila kiungo kinafunguka. Mteja wa Mwanza akipewa kiungo chenye localhost, kompyuta yake inajiuliza yenyewe, wala haiulizi seva yako. Kwa kuwa yeye hana ghala, hupata ukurasa wa kosa. Mshike mteja mmoja kwa simu, akusomee anwani inayoonekana juu ya ukurasa wake. Ukisikia localhost, au namba za mtandao wa ndani zinazoanza na 192.168, umelipata tatizo.

Tangu toleo la 7, lililotoka Agosti 2021, mambo yameongezeka ugumu kidogo, kwa sababu programu iligawanywa nusu mbili: moja inayokaa na hifadhidata, na nyingine inayochora ukurasa wa mteja. Nusu hizo huzungumza kwa anwani, na kila moja lazima ijue anwani ya mwenzake herufi kwa herufi. Moja ikiandikwa http na nyingine https, au mkwaju ukizidi mwishoni, kivinjari cha mteja hukataa mazungumzo hayo kwa usalama wake. Mteja huona maandishi ya kosa namba 500 na kudhani seva imezimika, wakati seva iko hai. Fundi anaposema seva imekufa, mwambie akuonyeshe kwanza anwani zilizoandikwa kwenye nusu zote mbili.

Tazama pia namba iliyomo kwenye kiungo cha kila waraka. Ukiona 123456789, ujue mpangilio haukukamilishwa. Hiyo ni namba ya majaribio inayokuja na programu. Namba halisi husajiliwa na shirika la CNRI la Marekani, lililoanzisha mfumo huo wa namba za kudumu, kwa ada ya kila mwaka. Ghala lenye namba ya majaribio hufanya kazi, lakini viungo vyake si vya kudumu. Siku jina la tovuti litakapobadilika, kila kiungo kilichonukuliwa kwenye ripoti, barua za benki au waraka wa matarajio kitakufa. Kadiri nyaraka zinavyoongezeka ndivyo kubadilisha kunavyozidi kuwa ghali.

KUULIZA MAGHALA MENGI KWA PAMOJA

Mfanyabiashara hapendi kuzunguka maghala matano. Anataka aandike mara moja apate yote. Kuna njia mbili za kufanya hivyo, na zinakosea kwa namna tofauti.

Njia ya kwanza ni ya kupiga simu kila duka na kuuliza bei papo hapo. Maktaba za Marekani ziliitungia kanuni iitwayo Z39.50, iliyopitishwa mara ya kwanza mwaka 1988 na kukubaliwa kimataifa kama ISO 23950 mwaka 1998. Ndugu yake mdogo ni SRU, inayouliza kwa anwani ya kawaida ya intaneti. Jibu lake huwa jipya, lakini kasi yake ni ya duka linalochelewa kupokea simu. Ghala moja likizimika, utafutaji wote husimama au hurudi na pengo. Tena Z39.50 hupitia lango namba 210, ambalo ulinzi wa mitandao ya ofisi nyingi hulifunga bila mtu kujua.

Njia ya pili ni ya kukusanya orodha za bei kila wiki na kuziweka mezani kwako. Kanuni yake ni OAI-PMH, iliyotoka mwaka 2001, na toleo lake la pili linalotumika mpaka leo likatoka mwaka 2002. Mashine za ukusanyaji kama BASE ya Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, na CORE ya Uingereza hufanya kazi hivyo. Utafutaji ni wa haraka, ila orodha inaweza kuwa ya wiki iliyopita.

Kwa njia hii ya pili, jaribio la kwanza halihitaji fundi. Chukua anwani ya mlango wa OAI wa ghala, ongeza mwishoni ?verb=Identify na uifungue kwenye kivinjari. Ghala likitaja jina lake na anwani yake, mlango uko wazi. Likinyamaza, hakuna mkusanyaji atakayeingia. Ukikuta anwani iliyotajwa ni ya localhost, rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Baada ya hapo kumbuka kwamba mlango wa OAI una daftari lake mwenyewe, tofauti na lile la kaunta, nalo hujazwa kwa amri ya oai import. Ndiyo sababu waraka unaweza kupatikana kwenye ukurasa wa ghala lenyewe na usionekane kwa wakusanyaji miezi mingi. Amri hiyo nayo ipangiwe saa yake ya usiku.

Kuna dalili moja ya kuchekesha. Ghala lina nyaraka elfu nne, lakini kwenye meza ya mkusanyaji zinaonekana 100 kamili. DSpace hutoa kadi mia moja kwa mkupuo, na mwisho wa mkupuo hutoa tiketi ya kuchukulia mkupuo unaofuata. Mkusanyaji asiyejua kutumia tiketi huondoka na mia ya kwanza akidhani amemaliza. Ukiona idadi ya mviringo kama hiyo, kosa liko upande wa mkusanyaji.

Saa nazo huleta hasara. OAI huhesabu kwa saa za Greenwich, nasi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Waraka ulioingizwa saa saba usiku kuamkia Jumanne, kwa hesabu hiyo umeingia saa nne usiku ya Jumatatu. Mkusanyaji anayeomba mali ya "kuanzia Jumanne" ataupita. Dawa ni kuomba kila mara siku moja nyuma zaidi ya inayohitajika. Kadi zitakazojirudia hazidhuru, kwa kuwa kila kadi ina namba yake.

Hivi karibuni limeongezeka tatizo lingine. Maghala mengi yanavamiwa na mashine za kukusanya maandishi kwa ajili ya akili bandia, hadi seva zinalemewa. Wenye maghala hujibu kwa kufunga milango dhidi ya wageni wenye pupa, na mara nyingi mkusanyaji halali hufungiwa nje pamoja nao. Akilalamika kwamba amekataliwa kwa kosa namba 403, asiambiwe tu kuwa kwetu kunafunguka. Namba ya mtandao wake iwekwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Makubaliano na fundi yataje majaribio, yasitaje "kutengeneza mfumo" kwa jumla. Waraka mmoja ufunguke kwa anwani yake. Waraka huo huo upatikane kwa neno lililomo ndani yake, kwa simu iliyo nje ya ofisi, bila neno la siri. Mlango wa OAI ujibu Identify kwa anwani sahihi. Fundi aonyeshe mistari ya dspace.log, faili la kumbukumbu za mfumo, inayoeleza kosa analodai kulitengeneza; programu huliandika kosa ndani yake kwa tarehe na saa, hivyo hana sababu ya kubahatisha.

Kabla hajagusa chochote, ichukuliwe nakala ya akiba ya hifadhidata na ya mafaili, zote mbili kwa usiku mmoja. DSpace huyaita mafaili yake kwa tarakimu ndefu, bila majina ya nyaraka. Ofisi yenye nakala ya mafaili bila ya hifadhidata itajikuta na maelfu ya mafaili yasiyo na majina, na karani atalazimika kulifungua moja baada ya jingine ili ajue ni hesabu za kampuni ipi.